Nikifika mita 15 pumzi inakata. Tatizo ni mazoezi au namna ninavyoogelea? (Tanga)

BintiMzingani ameuliza:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Nina miaka 38, utotoni sikufundishwa kuogelea. Kuelea chali naweza bila wasiwasi. Kifudifudi naweza sekunde kumi hivi, kisha miguu inaanza kushuka. Mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipishana) ndio umenishinda: nikifika mita 12 mpaka 15 pumzi imekwisha, moyo unadunda, inabidi nisimame. Nchi kavu natembea kilomita sita sihemi, kwa hiyo sidhani kama ni unene au uvivu.

Bwawa la hoteli napata mara mbili kwa wiki, urefu wake mita 15. Siku nyingine ni bahari ya Raskazone maji yakijaa. Navaa suruali ya mazoezi, fulana ndefu ya pamba na mtandio.

Naambiwa mambo matatu: niongeze mateke, nijizoeze kubana pumzi muda mrefu, na ninyanyue kichwa nione ninakokwenda. Nianze na lipi? Na mtu mzima ajifunzie bwawani au baharini?

---

Bamvua amejibu:

Dada, marahaba kwa niaba ya wakubwa. Kati ya hayo matatu usifuate hata moja, na la kunyanyua kichwa ndilo linalokumaliza.

Miguu yako haizami kwa udhaifu. Mapafu ndiyo boya lako, nayo yako kifuani. Uzito mwingi uko nyongani na mapajani. Mwili majini ni kama mzega wa ndoo mbili: ukiinua ndoo ya mbele, ya nyuma inashuka. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano. Kikiwa ndani ya maji, maji ndiyo yanayokibeba. Ukikitoa nje, unakibeba wewe kwa shingo na mgongo, na kiuno kinalipa gharama. Kiuno kikishuka sentimita 30 tu, mapaja yanaanza kusukuma maji kama ubavu wa jahazi badala ya kupita kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa na mabega. Ukijaribu kufidia kwa nguvu, hesabu inakukataa: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa maji unaongezeka mara nne.

Jipime hivi. Simama mahali maji yanafika kifuani. Vuta pumzi ya kawaida, lala kifudifudi, mikono mbele, macho yatazame sakafu ya bwawa moja kwa moja chini, maji yaguse utosi na kisogo. Usifanye kingine. Hesabu sekunde hadi visigino viondoke juu ya maji. Rudia ukitazama mbele kama unavyofanya sasa. Tofauti utaiona mwenyewe, hutahitaji mwalimu wa kukuambia.

Kisha ongeza kitu kimoja: bonyeza kifua chini kidogo, kana kwamba unaegemea mto. Si kichwa, ni kifua, kati ya kwapa na kwapa. Boya likibonyezwa mbele, nyuma inapanda. Wengi hukosea hapa kwa kuinamisha kidevu hadi kifuani. Hilo linakunja mgongo na nyonga zinashuka tena. Shingo iwe vile ilivyo ukisimama wima unatazama mtu wa kimo chako.

Likikaa sawa, fanya mshale. Egemea ukuta wa bwawa, kiganja juu ya kiganja, mikono imebana masikio, jisukume kwa miguu yote miwili ukiwa chini ya maji kiasi cha sentimita 30, halafu teleza tu. Usipige teke, usipige mkono. Anayeanza husimama mita 2 hadi 3 kutoka ukutani. Ukifika mita 5 bila kufanya lolote, umekwisha kuvuka theluthi ya bwawa lako bila kutumia pumzi. Fanya mara 10 kila siku ya bwawa kabla ya jambo lingine lolote. Linachosha akili kwa kujirudia, lakini hakuna zoezi linalolipa haraka kuliko hili.

Sasa pumzi, maana ndilo swali lako lenyewe. Ile hali ya kuhisi unakufa kwenye mita ya 12, mara nyingi si kwamba oksijeni imekwisha. Ni hewa ya ukaa imejaa mapafuni kwa sababu hukuitoa. Ubongo unapima hewa ya ukaa kwanza, na ikipanda unapiga kelele "vuta!" Wewe ulibana pumzi uso ukiwa majini, ukageuka, na katika nusu sekunde ile ya uso kuwa nje ukataka kutoa na kuvuta kwa pamoja. Haiwezekani. Unavuta kidogo juu ya hewa ile ile chafu, na baada ya mizunguko minne mitano umejaa.

Kanuni ni fupi: uso ukiwa ndani unatoa, uso ukiwa nje unavuta tu. Toa kwa pua na mdomo kidogo kidogo kuanzia uso unapoingia, na umalizie kwa mpulizo mkali mdomo unapokaribia kutoka. Usitoe yote kwa mkupuo mwanzoni, maana mapafu yakiwa matupu boya limekwisha na utazama. Kama maji yanakuingia puani, guna "mmmm" kwa sauti ukiwa ndani. Mtu anayeguna hawezi kuvuta maji kwa pua.

Zoezi: shika ukingo, zamisha uso, guna sekunde tatu, geuza kichwa pembeni, vuta sekunde moja, rudi. Mara 20 mfululizo. Kama kufikia ya 15 unatweta, bado unabana mahali. Usiende kwenye mikono mpaka 20 zipite kama mtu anayepumua kitandani.

Na hilo la "bana pumzi zaidi" ni la hatari, si kosa la mtindo tu. Mtu anayehema harakaharaka kisha akazama na kubana, anakuwa ameipunguza hewa ya ukaa, kwa hiyo ile kengele ya ubongo hailii kwa wakati. Oksijeni inakwisha, anazirai chini ya maji kimyakimya. Hata bwawa la kina cha kifua linatosha kuua kwa namna hiyo.

---

KiwikoJuu amejibu:

Naunga mkono Bamvua, ila ningeongeza mkono mapema kidogo kuliko anavyosema, kwa sababu mshale bila mkono mtu huzoea kulala halafu hajui kuamka.

Watu wazima karibu wote wana makosa matatu ya mkono, na yote yanatokana na kuuona mkono kama kasia la kuchapa maji.

La kwanza: mkono unaingia mbele ya pua au unavuka hadi upande wa pili. Mwili unapinda kama nyoka, miguu inatawanyika ili kuweka mizani, na miguu iliyotawanyika ni breki. Mkono uingie mbele ya bega lake. Kama huna wa kukutazama, lenga nje zaidi ya unavyodhani, kana kwamba mikono ni saa inayoonyesha dakika 10 na dakika 50. Unapohisi umepanua mno, kwa kawaida ndipo umenyooka.

La pili: kuingiza kidole gumba kwanza, kiganja kikitazama nje. Hili linasokota bega kila mkono unapoingia, na maumivu ya mbele ya bega huanza hivyo. Vidole vitangulie, kiganja kitazame chini, mkono unyooke mbele sentimita 15 hivi chini ya uso wa maji.

La tatu ndilo kubwa: mkono ukishanyooka, anayeanza anausukuma chini. Maji yakisukumwa chini yanakuinua kichwa, si kukupeleka mbele, na ukishainuka mbele tumerudi kwenye mzega wa Bamvua. Unachotaka ni kusukuma maji nyuma. Acha kiwiko kibaki juu karibu na uso wa maji, vidole vielekee chini, kiganja na kigasha chote vitazame nyuma, kama unalikumbatia pipa kwa mkono mmoja. Hapo ndipo uvute, na usukume mpaka kidole gumba kiguse paja. Kigasha ni sehemu ya kasia. Anayetumia kiganja peke yake ameacha nusu ya kasia nyumbani.

Zoezi la kulihisi: ogelea mita 15 ukiwa umefumba ngumi. Kiganja hakipo, kwa hiyo mwili unalazimika kutafuta maji kwa kigasha. Rudi mita 15 ukiwa umefumbua vidole, utahisi umepewa mapanga ya boti. Vidole visibanwe kama saluti. Vikiachana kidogo, upana wa penseli au pungufu, ni sawa, na mkono hauchoki.

Mkono unaorudi juu ya maji upumzike. Kiwiko kiongoze, kigasha kining'inie. Huo ndio muda pekee wa bega kupumzika, usiupoteze kwa kukaza.

Halafu hesabu mikono. Kwenye bwawa lako la mita 15, ukisukuma ukuta vizuri mita 4 ni za bure, zinabaki 11. Anayechapa maji hutumia mikono 16 hadi 20 kwenye hizo 11. Lenga 12, yaani kila mkono ukupe karibu mita moja. Usizipunguze kwa kuteleza mpaka usimame, maana kuondoa mwili uliosimama kunakula nguvu kuliko kuuendeleza. Ukiona namba inapanda kutoka 13 hadi 17 ndani ya mizunguko minne, hapo mtindo umevunjika, pumzika, usijikaze.

---

Sahare_Mtu amejibu:

Mateke hamjayagusa, na kwa mtembezi wa kilomita sita ndiko oksijeni inakovujia.

Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko yote mwilini na inakula hewa ipasavyo, lakini katika mtindo huru mchango wake wa kukupeleka mbele ni mdogo ukilinganisha na mikono. Kazi yake kwa mwogeleaji wa masafa ni kushika mizani na kusaidia mwili kugeuka. Anayekuambia uongeze mateke anakuambia ufungue bomba zaidi wakati ndoo inavuja.

Teke lianzie nyongani, paja lishuke kwanza, goti lifuate kwa kukunjika kidogo tu, unyayo umalizie kama mjeledi. Miguu ipishane sentimita 30 hadi 40, vidole gumba vya miguu vikikaribia kugusana. Kisigino kichokoe uso wa maji tu. Ukisikia chubwi chubwi kubwa nyuma yako unapiga hewa. Kosa la watu wazima ni kukunja goti kama anayeendesha baiskeli. Paja likija mbele ya tumbo linazuia maji, na kuna watu hujipigia teke wakirudi nyuma kabisa, si utani.

Kisababishi mara nyingi ni kifundo cha mguu kigumu. Watembezi na wakimbiaji wana vifundo vilivyozoea pembe ya mraba. Majini hiyo ni nanga. Dawa yake mnayo tayari: mkao wa tahiyatu. Ule mguu wa kushoto unavyolala, mgongo wa unyayo ukigusa mkeka, ndiyo kunyoosha kunakotakiwa. Laza na wa kulia vivyo hivyo, kalia visigino dakika moja, mara tatu kwa siku. Ukihisi maumivu ya goti, weka mto kati ya paja na shavu la mguu au acha.

Kwa sasa piga teke moja tu kwa kila mkono. Mkono wa kulia ukiingia majini, mguu wa kushoto unapiga; kushoto ukiingia, kulia unapiga. Ndiyo mwendo unaobana matumizi. Ukishindwa kupatanisha, acha miguu ifuate tu bila kuiamuru, mpangilio utakuja wenyewe mwili ukianza kugeuka.

Kipimo kizuri: funga pamoja chupa mbili tupu za maji za lita moja, vifuniko vikazwe, zungushia utepe mpana wa gundi, bana kati ya mapaja, ogelea kwa mikono tu. Zinakuinua kama kilo mbili. Ukifika mita 30 kwa chupa na 15 bila chupa, basi mikono na pumzi vina nafuu, mkosaji ni mlalo wa mwili na miguu. Ukichoka pale pale kwenye 15, tatizo ni pumzi. Lakini ni kipimo, isiwe mkongojo. Robo ya muda wako inatosha.

Ubao wa mateke nao, wengi huushika wakanyanyua kichwa wakipiga soga. Hapo unafanya mazoezi ya kuzamisha kiuno. Kama unautumia, zamisha uso.

---

BintiMzingani:

Shukrani sana, nimeyafanyia kazi wiki mbili. Mshale unafika mita 5 kasoro kidogo. Kuguna kunasaidia ajabu. Chupa: nimefika mita 30 nikiwa na pumzi bado, bila chupa ni 18, kwa hiyo Sahare_Mtu nimekuelewa.

Kilichobaki: nikivutia pumzi kulia ni sawa, nikigeukia kushoto nakunywa maji. Na kulia pia nahisi mwili unadidimia kila ninapogeuka. Je, nivute kila mikono miwili au mitatu?

---

KiwikoJuu:

Kunywa maji upande mmoja karibu kila mara ni kosa la mkono wa upande wa pili. Ukigeukia kushoto, mkono wa kulia uko mbele. Badala ya kubaki umenyooka, unausukuma chini kujipa ngazi ya kutokea, au unavuka kati. Ngazi inakuinua nukta moja halafu inavunjika, mdomo unashuka katikati ya kuvuta. Kudidimia upande wa kulia ni ugonjwa huo huo, umeufunika kwa mazoea tu.

Tiba ni kulala ubavu. Mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umelala pajani, uso unatazama chini, mateke mepesi sita. Kisha geuza kichwa, vuta, rudisha uso, mateke sita tena. Bwawa zima ubavu mmoja, kurudi ubavu mwingine. Mkono wa mbele usishuke hata kidogo wakati wa kuvuta. Kama unashuka, punguza mwendo. Ubavu unaokushinda upe mizunguko miwili kwa mmoja wa ule mwepesi. Ukilizoea, unganisha: mateke sita, mkono mmoja, geukia ubavu wa pili, mateke sita.

Kuhusu kugeuka: mwili wote unazunguka kidogo, mabega yakiinama nyuzi 30 hadi 45 hivi, na kichwa kinapanda lifti hiyo. Usikigeuze peke yake, na usikinyanyue. Kioo kimoja cha miwani kiwe ndani ya maji, kimoja nje, na mdomo uvute kutoka kwenye bonde la maji linalojitengeneza nyuma ya utosi. Ukiona anga, umegeuka mno. Anza kugeuka pale mkono wa upande huo unapoanza kuvuta nyuma, na uso uwe umerudi kabla mkono huo haujaingia tena. Anayechelewa kurudi ndiye anayedidimia.

---

Bamvua:

Miwili au mitatu: vuta kila mikono miwili. Wanaosema lazima mitatu ili usawazishe pande mbili wana hoja kwa mtu ambaye pumzi imeshatulia. Wewe bado unahitaji kutoa hewa ya ukaa mara nyingi. Ila badilisha upande kila mzunguko wa bwawa, kwenda kulia, kurudi kushoto, ili shingo na mabega visijengeke upande mmoja. Mitatu itakuja.

Siku moja ya bwawa, dakika 40, iwe hivi: mishale 10, kuguna 20, ubavu mizunguko 6, ngumi na viganja mizunguko 4, halafu mita 15 mara 8 ukihesabu mikono, ukipumzika sekunde 30 kila mara. Wiki inayofuata pumziko liwe 25, kisha 20. Pumziko likifika sekunde 10 na hesabu ya mikono haijapanda, mita 60 mfululizo unazo tayari. Usiutafute umbali, kata mapumziko. Anayelazimisha mita 100 siku ya kwanza anaogelea 20 nzuri na 80 za kujifunza makosa.

---

UmandeWaAsubuhi amejibu:

Nimeona swali la bwawa au bahari limepitwa. Mtindo ujifunzie bwawani: sakafu unaiona, ukuta upo wa kusukuma, hesabu zinalinganika. Bahari ina faida yake. Chumvi inayafanya maji kuwa mazito zaidi kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anainuliwa karibu kilo moja na robo tatu zaidi ya bwawani. Miguu itaelea vizuri kuliko bwawani, nawe utadhani umefaulu. Usihamishe sifa hiyo.

Kwa Tanga, kalenda ya mwezi ndiyo ratiba yako. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana karibu na saa 10 alasiri na hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanajaa karibu saa 4 asubuhi na hayakimbii sana. Kwa anayejifunza, siku za maji mafu ndizo zake: asubuhi, maji yamejaa, upepo wa baharini haujaamka. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa 6 hadi wa 8, mchana mawimbi mafupi yatakujaza mdomo hata mtindo uwe mzuri namna gani, nenda mapema.

Ingia saa moja kabla maji hayajajaa, toka nusu saa baada ya kujaa. Kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na ushee, na saa ya tatu na ya nne ndipo maji hukimbia zaidi. Hapo hata mwogeleaji mzuri hupiga mikono akitazama jiwe lile lile. Ogelea sambamba na ufuko, kina cha kifua, si kuelekea kisiwa cha Toten wala njia ya meli na boti. Anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili ukichoka mkondo ndio unaokurudisha.

Kutazama mbele kunaruhusiwa baharini tu, na si kwa kutoa kichwa. Toa macho kama mamba, pua ibaki majini, ona alama moja kubwa (mnazi, paa, nguzo), kisha geuka pembeni uvute pumzi kama kawaida. Kila mikono 8 hadi 10 inatosha.

Chombo cha usalama hakihitaji fedha: dumu la lita tano, tupu, kifuniko kimekazwa, rangi ya njano ionekane kwa wavuvi, kamba ya mita mbili kiunoni kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Linatosha kabisa kukushikilia ukiwa umepumzika. Dumu la pili liwe ufukweni kwa mwenzako, likiwa na kamba ya mita 15 na maji kidogo ndani ili litupike mbali. Mwenzako arushe dumu, asikufuate majini. Anayezama humkumbatia anayemwokoa. Na bila mwenzako usiingie. Mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari.

Pembeni ya ufuko buruta nyayo mchangani badala ya kunyanyua, samaki taa akisikia mtikisiko anaondoka. Ukimkanyaga ndipo anachoma. Kwenye mawe vaa viatu vya mpira kwa ajili ya wale wanyama wenye miiba myeusi. Konyeza (mnyama wa baharini anayewasha) akikugusa suuza kwa maji ya bahari, usisugue, usitumie maji baridi ya bomba.

Mavazi: hiyo fulana ya pamba ndiyo mzigo wako. Pamba inanyonya maji, inavimba kifuani kama tanga, na mtandio ukilegea unafunika mdomo wakati wa kuvuta. Stara haihitaji pamba. Burkini (vazi la stara la kuogelea) ya nailoni au poliesta inayobana mwili, yenye kamba ya kuunganisha juu na suruali ili isipande, na kofia ya kuogelea chini ya kilemba chake. Kama huna, suruali ya kubana ya mazoezi na fulana ya mpira wa miguu ya poliesta, saizi ndogo, imechomekwa ndani. Dera na kanga acha mchangani. Kanga ikijisokota miguuni huwezi kuifungua ukiwa unaelea.

---

BintiMzingani:

Fulana ya mpira nimejaribu jana, tofauti ni kubwa: mikono 16 imekuwa 14 kwa bwawa lile lile. Suala la mwisho, miwani yangu inaingiza maji kila nikisukuma ukuta. Nikaze mkanda?

---

Sahare_Mtu:

Ukikaza zaidi ndipo inapoingiza, mpira unakunjika. Bonyeza vioo machoni bila kuvaa mkanda. Vikishika sekunde mbili tatu vyenyewe, saizi ni yako na mkanda ulegee. Visiposhika, umbo si la uso wako, badilisha. Angalia pia nywele au ukingo wa kofia usiwe chini ya mpira. Na ukisukuma ukuta unatazama mbele, maji yanapiga vioo kutoka juu na kuving'oa. Tazama chini, kidevu mahali pake, mikono ibane masikio.

---

BintiMzingani:

Kumbe ni kichwa tena.